Dawa ya Kuongeza Uchungu Ipo

Nimewakalisha uani watu wanne ambao humo leba hawapati nafasi ya kusikilizana. Mzazi ni mwalimu wa shule ya msingi. Amejifungua mtoto wake wa kwanza katika hospitali ya umma jijini Dar es Salaam bila dawa yoyote ya maumivu. Bibi ni mzaa mama yake, mtu wa Pangani, amezaa saba na ni mmoja tu aliyezaliwa hospitali. Mkunga ni jirani yao, mtu wa zamu za usiku. Daktari ni mtaalamu wa usingizi, na pia ni kaka wa mume, kwa hiyo kwa Mzazi ni shemeji kabla hajawa daktari. Nimewabuni wote wanne. Wanachogombania sikukibuni, na pale nitakaposhindwa kunyamaza nitadakia.

DAKTARI: Bibi, shikamoo. Nakuja na ugomvi, unisamehe. Tangu niingie hapa nasikia shemeji anasifiwa: kazaa kikakamavu, hakuchomwa hata sindano. Mimi sioni cha kusifia. Mtu aking'olewa jino bila ganzi tunamlaani aliyemng'oa. Mwanamke akizaa bila ganzi tunampigia vigelegele.

BIBI: Marahaba, baba. Jino ni ugonjwa. Mtoto si ugonjwa. Sisi tulifunzwa na makungwi tangu uwarini kwamba siku hiyo ipo, ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ukipiga yowe, nguvu zinaishia kinywani. Na waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi hawakusema aujuaye aliyetiwa ganzi.

MZAZI: Mniachie niseme, maana aliyepanda kile kitanda ni mimi. Shemeji ananionea huruma, bibi ananisifu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Bibi, mimi sikuikataa dawa. Haikuwepo. Utanisifuje kwa kukataa kitu ambacho sikuletewa?

BIBI: Msikieni mke mwenzangu huyu! Babu yako alioa mwanamke mpole, wewe umetokea wapi?

MZAZI: Nimetokea leba, bibi. Ngoja nikusimulie. Niliingia saa sita usiku na beseni langu: khanga, glovu, pamba, mpira wa kulalia, kibana kitovu, kadi ya kliniki juu yake. Wewe ukabaki getini na mume wangu. Nesi akanipima, akasema njia imefunguka sentimita tatu, nenda katembee. Nitembee wapi? Korido imejaa watu wamelala chini. Uchungu wangu ulikuwa wa mgongo, si wa tumbo kama nilivyosimuliwa. Nilipopiga magoti sakafuni nikaona nafuu. Nikafokewa nipande kitandani, sakafu chafu. Na kweli ilikuwa chafu. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa analia, anamwita mama yake. Nesi akamwuliza, wakati unaitafuta hiyo mimba ulikuwa unalia hivyo? Basi mimi nikaufunga mdomo wangu. Huo ukakamavu unaonisifia haukutoka kwa kungwi. Ulikuwa woga wa kutukanwa.

Kwa hilo Bibi hana jibu la haraka, na sitamtungia. Nashuku kwamba sehemu kubwa ya ushujaa tunaowasifia wanawake wetu wakitoka leba, tukiuchunguza vizuri, ni huo huo: mtu kajifunza katika dakika chache kwamba hapa anayelia anaongezewa adhabu.

MKUNGA: Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, na siitetei. Lakini naomba mwingie na upande wa pili wa kitanda. Usiku tuko wawili, pengine mmoja na mwanafunzi. Mmoja kati ya wazazi presha yake iko juu, mwingine anatoka damu, wengine wanasema wanasikia kusukuma kwa wakati mmoja. Mama akichoka akaacha kusukuma kichwa kikiwa mlangoni, mtoto anakosa hewa mbele ya macho yangu, na asubuhi ni mimi nitakayeandika maelezo. Unapaza sauti ili asikate tamaa. Unapaza tena. Mwisho sauti inatoka na tusi ndani yake, na wewe mwenyewe hujui lilipoingilia.

MZAZI: Dada, hofu yako naielewa. Ila hofu ilikuwa yako na tusi tumelipokea sisi.

MKUNGA: Ndivyo ilivyo, mdogo wangu.

Nchini Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini mwaka 2013, akatukanwa na manesi wakati huo huo, alivunjiwa haki na utu wake, na ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Naupenda uamuzi ule kwa sababu haukusubiri mtoto afe ndipo useme kuna kosa.

MZAZI: Niendelee? Alfajiri nikapimwa tena, sentimita tano. Nikaambiwa naenda polepole. Nikatundikiwa dripu. Kuanzia hapo hapakuwa na pumziko. Uchungu mmoja haujaisha, mwingine umeshafika. Nikaomba chochote cha kutuliza. Nikaambiwa hatuna. Ndipo nilipowaza, tena kwa maneno kabisa kichwani: hospitali hii ina dawa ya kuongeza uchungu, ya kuupunguza haina.

DAKTARI: Hilo ndilo ninalolipigia kelele kila siku!

MKUNGA: Daktari, punguza kelele kwanza, hilo la polepole lina maelezo yake. Sisi tulifundishwa kwamba mlango wa kizazi unafunguka sentimita moja kwa saa, na anayebaki nyuma aangaliwe. Ile chati yenye mstari wa tahadhari waliitengeneza madaktari Philpott na Castle huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakaitangaza mwaka 1972. Walikuwa wanawafuatilia wazazi wa mimba ya kwanza kama mwalimu hapa. Usiidharau. Kabla yake mama aliweza kuhangaika siku mbili, tatu, na hakuna aliyeshtuka mapema akampeleka anakostahili kupelekwa. Lakini mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia sentimita tano, na kwa uzazi wa kwanza kuanzia hapo unaweza kuchukua hata saa 12. Mradi mama na mtoto wako salama, kwenda chini ya sentimita moja kwa saa peke yake si sababu ya kumwekea dripu.

MZAZI: Kwa hiyo sikuwa nimechelewa.

MKUNGA: Kwa mwongozo huo, ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Ila leba ikijaa, na wengine wako korido wanakisubiri kitanda chako, mkono unaenda kwenye dripu wenyewe.

DAKTARI: Tusije tukaitupa dawa yenyewe lakini. Hiyo hiyo oksitosini, yuniti 10, ndiyo mama anayochomwa mtoto akishatoka ili mji wa mimba ujikaze na damu isimmalize. Bibi, hiyo usimkataze mtu kamwe. Kutoka damu baada ya kuzaa ndiko kunakoua wanawake wetu kuliko jambo jingine lolote la uzazi.

BIBI: Nani kakataza? Mdogo wangu alikufa hivyo hivyo, kitovu cha mtoto hakijakauka. Mimi nimesema maumivu, sikusema damu. Nyie wasomi mkianza kujibu mnajibu na maswali ambayo hamkuulizwa.

DAKTARI: Nisamehe, bibi. Turudi kwenye maumivu. Ipo sindano, inaitwa epidurali. Unachomwa chini mgongoni, unaachwa mrija mwembamba kama uzi, na kupitia hapo tunatia ganzi kidogo kidogo. Inazizima mishipa inayoleta maumivu kutoka kwenye mji wa mimba. Mama yuko macho, anaongea, anamwona mtoto akitoka. Baadhi ya hospitali binafsi hapa Dar wanaitoa kwa mwenye pesa. Na mwongozo huo huo wa 2018 unasema mwanamke mwenye afya njema akiomba kutulizwa maumivu, hiyo ni mojawapo ya njia za kumpa.

BIBI: Sindano ya mgongo! Mke wa jirani yangu alichomwa alipopasuliwa, mpaka leo kiuno hakimwachi.

DAKTARI: Kiuno kinawauma wengi baada ya kuzaa, waliochomwa na wasiochomwa. Mtandao wa Cochrane ulikusanya majaribio ya nchi mbalimbali ukatoa tathmini yake mwaka 2018: epidurali haileti maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wala haiongezi idadi ya wanaopasuliwa. Sikufichi, ina yake. Presha inaweza kushuka, miguu inakuwa mizito, kukojoa kunakuwa shida, kusukuma kunaweza kurefuka.

MKUNGA: Na presha ikishuka saa tisa usiku, ni nani anaipima? Wewe uko chumba cha upasuaji na mama mwingine. Anayebaki na mrija wako mgongoni mwa mtu ni mimi, na nina wazazi wengine. Shirikisho la dunia la wataalamu wako wa usingizi linataka angalau wataalamu 5 kwa kila watu 100,000. Sisi tuna hata mmoja kwa idadi hiyo?

DAKTARI: Hatujafika mmoja.

MKUNGA: Basi sema ukweli huo kabla ya kuwaahidi watu sindano.

Mkunga kamshinda Daktari hapa, ila kamshinda kwa hesabu ya watumishi tu. Na hesabu ya watumishi ina hatari yake: tukiirudia mara nyingi inaanza kusikika kama sababu ya kwamba mambo yawe hivi milele. Uchache wa wataalamu ni bajeti ya mtu fulani, iliyopitishwa mahali fulani.

DAKTARI: Kuna vitu havihitaji mimi. Pethidini inajulikana, ingawa inapita kwa mtoto na ikichomwa karibu na kuzaliwa anaweza kutoka amelegea, hapumui vizuri. Uingereza wanatumia sana gesi ya kuvuta, nusu oksijeni, nusu naitrasi oksaidi. Mama anashika kifaa mwenyewe, uchungu ukija anavuta, ukiondoka anaacha. Haihitaji daktari wa usingizi akae pale.

MZAZI: Ningeivuta hiyo hadi mtungi uishe.

Nidokeze kidogo hapa. Ugomvi huu wa sindano na "uzazi wa asili" ulianzia mbali na sisi. James Young Simpson wa Edinburgh aliwavutisha wazazi klorofomu kuanzia mwaka 1847, na mwaka 1853 John Snow akamvutisha Malkia Victoria alipomzaa Leopold. Baadaye Mwingereza mwingine, Grantly Dick-Read, akafundisha katika kitabu chake cha 1933 kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokazika huuma zaidi. Ndani yake kuna kweli. Lakini yumo pia yule mwanamke wa "asili" wa kufikirika anayezaa bila kuumia, na katika miaka ya 1950 Dick-Read alizunguka Afrika akitazama wanawake wetu wanavyojifungua. Kwa wanawake wa Kizungu waliokuja kukataa sindano, huo ulikuwa uamuzi: sindano ilikuwa pale mezani wakasema hapana. Kuichukua hoja yao na kuileta katika leba isiyo na kitu mezani, kisha kumpongeza mama kwa "kuchagua" njia ya asili, ni kumfanyia mzaha.

BIBI: Mimi huyo Mzungu simjui. Ninachojua, nilipozaa hawa sita wa nyumbani nilikuwa na watu. Mama alikaa nyuma yangu, nimemwegemea. Shangazi mbele. Mkunga wa jadi miguuni. Nikichoka mgongo, unasuguliwa. Nikitaka kuchuchumaa, nachuchumaa. Yule wa saba, wa hospitali, nilizaa nikitazama dari. Ukiniuliza ni yupi aliniuma zaidi, ni yule wa dari.

DAKTARI: Na kati ya hao sita wa nyumbani, bibi?

BIBI: Wawili hawakukaa. Najua unakokwenda, baba. Sikusema warudi nyumbani.

MZAZI: Mtu wa kunisugua mgongo nilimpata, nusu saa tu. Alikuwa mwanafunzi wa ukunga, msichana mdogo. Alinikuta nimeng'ang'ania chuma cha kitanda, akaukunja mkono akanikandamiza hapa chini, juu ya makalio, kila uchungu ukija. Hakusema kitu cha maana. Alikuwa anasema "huyo anaondoka, huyo anaondoka." Uchungu ulikuwa ule ule, lakini nilikuwa na uwezo nao. Halafu akaitwa, akaenda, na mimi nikapotea kabisa.

MKUNGA: Hicho alichofanya kimo kwenye mwongozo: kukanda, kitambaa cha moto, kupumua, kumwacha mama akae atakavyo. Tumezoea kuwalaza chali kwa sababu tunaona vizuri. Kile kitanda kimetengenezwa kwa ajili ya macho yangu, hakikutengenezwa kwa ajili ya mgongo wako.

DAKTARI: Na hapo mimi nanyanyua mikono. Cochrane hao hao, mwaka 2017, walijumlisha majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000. Mama mwenye mtu wa kukaa naye mwanzo hadi mwisho, uchungu wake unakuwa mfupi, haombi sana dawa ya maumivu, anapasuliwa mara chache zaidi. Dawa ya namna hiyo ingekuwa kidonge, kampuni zingeshagombania kuiuza.

MZAZI: Basi nisikilizeni na hili, maana msije mkadhani nina uchungu tu wa kusimulia. Mtoto alipotoka, akawekwa kifuani, bado ana joto na utelezi, nilijiona mkubwa. Sijui niseme vipi. Nilijiona hakuna mtu wa kunitisha tena duniani. Shemeji, usiniambie hiyo ni homoni.

DAKTARI: Nilikuwa...

MZAZI: Najua. Usiseme. Bibi, na wewe usiniambie imetokana na kuteseka, kwamba bila mateso nisingeisikia. Wifi yangu alipasuliwa, ana ganzi hadi kifuani, akamshika wake akalia hivyo hivyo. Hiyo ni yangu, sijaileta hapa mezani mgombanie.

Hicho Mzazi alichomwambia Bibi ndicho kinachonipa tabu zaidi kukiandika, kwa sababu pande zote mbili zinataka kuitumia furaha hiyo. Mmoja anataka ithibitishe kwamba maumivu yana kazi yake. Mwingine anaiona ni kiini macho cha mwili. Mzazi amewanyima wote, na mimi namuunga mkono.

MZAZI: Kilichoniliza hasa kilikuja baadaye. Niliongezewa njia wakati wa kusukuma. Ikabidi nishonwe. Nilishonwa hivi hivi.

DAKTARI: Bila ganzi?

MZAZI: Bila ganzi. Niliambiwa nyuzi ni chache tu, nivumilie. Nimemshika mtoto, naogopa nitamwangusha.

DAKTARI: Sista, hili nalo ni uchache wa wataalamu? Lignokaini haihitaji mtu wa usingizi. Ni chupa ndogo, bei ndogo, iko kwenye orodha ya dawa muhimu, na mkunga yeyote anaruhusiwa kuichoma. Unachoma, unasubiri dakika chache, unashona.

MKUNGA: Kuna usiku imekwisha stoo. Ukiagiza, ndugu atumwe duka la dawa nje, na saa hizo damu inatoka.

DAKTARI: Na usiku ambao haijaisha?

MKUNGA: Usiku ambao haijaisha ni zile dakika za kusubiri ndizo hatuna. Au tunasema hatuna. Nimewashona hivyo mimi mwenyewe, daktari, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

BIBI: Sasa hapa hata mimi siwezi kusema ni asili. Asili haina sindano na uzi.

Ndipo nilipoona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa hawa watu haikuwa kati ya sindano na kuvumilia. Bibi, aliyeingia akitetea maumivu, anayatetea yale yenye watu kuzunguka. Maumivu ya haraka ya mtu mwingine, ya stoo tupu na ya dari, hana neno la kuyatetea.

DAKTARI: Shemeji, nikuulize, na usinikasirikie. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 unaonyesha wanawake 81 kati ya 100 Tanzania wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Ule wa 2015-16 ulikuta 63. Vifo vya wazazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ukisimulia haya kwa wenzako, huoni utawarudisha nyumbani?

MZAZI: Wapo wanaosimuliana bila mimi, shemeji, saluni, kwenye foleni ya kliniki, kila mahali. Mwanamke haogopi hospitali kwa sababu mwalimu mmoja kasema. Anaogopa kwa sababu dada yake ametoka huko. Mmetuita tukaja, na tumekuja na mabeseni yetu na glovu zetu. Nyumbani sirudi hata mnifunge kamba. Nataka tu mniambie kwa nini bibi aliachwa getini.

MKUNGA: Mapazia. Leba ni chumba kimoja, watu wako uchi. Nikimwingiza mumeo, mke wa mwenzake yuko pale miguu juu. Tungekuwa na mapazia kati ya vitanda, nusu ya sababu zetu zingeisha. Na kwa bibi hata pazia si hoja, ni mwanamke mwenzao. Kigoma walijaribu, kuanzia mwaka 2016, na mradi wa Thamini Uhai: mama anaingia na mwenzake wa kike, kwenye vituo hivi hivi vya umma. Vituo havikuanguka.

DAKTARI: Naweza kuandika barua ya mapazia kesho. Hiyo naipata haraka kuliko mashine yoyote ninayoomba.

MKUNGA: Andika na lignokaini.

MZAZI: Andikeni, ila nisikae nasubiri barua. Mimba nyingine ikija, Mungu akipenda, nitaanza kuuliza kliniki, si usiku ule: nani anaruhusiwa kuingia, nikitaka kupiga magoti nitapiga wapi, ganzi ya kushonea ipo au niinunue niiweke kwenye beseni. Na akija mtu na dripu aniambie kwanza ni ya nini.

DAKTARI: Na sindano yangu?

MZAZI: Iwepo, shemeji. Iwepo, na wa kuiangalia awepo. Kama nitaitaka au sitaitaka, hilo uje uniulize nikiwa sentimita saba.

BIBI: Na mimi nitakuwepo ndani, nimsikie atakavyojibu.